Fedha za Halmashauri na Kazi za Watu: Somo kutoka Masasi na Newala



Mtu asafiriye kutoka Masasi kupanda Newala katika miezi ya Oktoba na Novemba hukutana na magunia kila aendako. Mengine yamepangwa mbele ya maghala ya vyama vya ushirika, mengine yamo katika malori yaelekeayo bandari ya Mtwara, na mengine yangali yakingoja zamu ya mizani, na wenyewe wamekaa juu yake wakizungumza habari za bei. Ndani ya magunia hayo mna korosho ghafi, yaani korosho pamoja na ganda lake. Sehemu iliyo kubwa itavuka bahari hivyohivyo ilivyo, iende India na Vietnam. Na huko ndiko itakakobanguliwa, kumenywa, kuchambuliwa kwa ukubwa na weupe, kufungwa vizuri na kuuzwa kwa mataifa mengine. Na kando ya barabara hiyohiyo wamekaa vijana juu ya pikipiki zao, wakingoja abiria ambao hesabu yao ni ndogo kuliko hesabu ya pikipiki.

Mambo hayo mawili, gunia liendalo na kijana abakiye, kwa kweli ni jambo moja. Gunia likiondoka na ganda lake huondoka na kazi yake. Maneno haya yamekwisha semwa mara nyingi, wala si shabaha yetu kuyarudia tu. Leo twataka kujifunza habari za fedha: zile fedha ambazo Serikali na halmashauri zimeziweka kwa sheria ziwe mbegu ya kazi mahali watu wakaapo. Zatoka wapi? Zapata kiasi gani? Nani azigawaye? Na kwa nini mara nyingi zimezama kama mvua katika mchanga wa uwanda wa Makonde, mchanga ambao hunywa maji yote usiache hata kijito juu yake, hata mama zetu wa zamani wakalazimika kuteremka genge na kulipanda tena ili wapate mtungi mmoja?

Msomaji wa Bukoba au wa Moshi asiyepafahamu mahali hapa ajue kwamba Masasi iko chini, magharibi ya uwanda, katikati ya majabali makubwa yaonekanayo toka mbali. Newala iko juu, ukingoni kabisa, na mtu asimamapo penye Shimo la Mungu huona nchi yote ikiteremka kuelekea mto Ruvuma na Msumbiji. Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne: Mji wa Masasi na Wilaya ya Masasi, Mji wa Newala na Wilaya ya Newala. Halmashauri zote nne hutegemea korosho, kama mtoto ategemeavyo ziwa.

HESABU YA TANI MOJA

Kabla hatujaendelea yatupasa kutenga aina za fedha, maana wengi huzichanganya, na mtu achanganyaye hawezi kuuliza swali lililo sawa mkutanoni.

Ya kwanza ni ruzuku ya maendeleo itokayo Serikali Kuu. Tangu mwaka wa fedha wa 2004/05 nchi yetu ilianza utaratibu wa kuipa kila halmashauri fedha za maendeleo kwa kanuni inayojulikana, baada ya kupimwa kama hesabu zake ni safi na kama mikutano yake hufanyika. Iliyofaulu ilipata zaidi, na iliyoshindwa ilipunguziwa au kunyimwa. Fedha hizi si mkopo. Hujenga madarasa, zahanati, masoko na barabara ndogo.

Ya pili ni fedha za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanza mwaka 2000. Pamoja na ruzuku kwa kaya zilizo maskini, mfuko huu umelipa ujira wa siku kwa watu wa kaya hizo wanaochimba malambo, kupanda miti na kutengeneza njia. Ni kazi za muda. Zasaidia mtu kuvuka miezi ya njaa, na jambo hilo si dogo. Lakini hakuna ambaye amesema kwamba ni kazi ya maisha.

Ya tatu, ambayo ndiyo hasa somo letu, ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Desturi hii ina asili yake katika mifuko ya wanawake na ya vijana iliyoanzishwa miaka ya 1990. Kwa muda mrefu ilikuwa agizo tu, na halmashauri nyingi zilitoa zilipopenda. Mwaka 2018 Bunge liliiingiza katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na mwaka 2019 kanuni zake zikatoka: katika kila shilingi mia za mapato ya ndani, ukiondoa yale yaliyofungwa kwa huduma maalumu, shilingi nne ziwe za vikundi vya wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Hutolewa kuwa mkopo usio na riba, na zirudipo hukopeshwa wengine.

Sasa na tupige hesabu, kama tulivyofundishwa shuleni. Tuseme mkulima mmoja ameuza tani moja ya korosho ghafi kwa shilingi 3,000 kila kilo. Jumla yake ni shilingi 3,000,000. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3, nao hulipwa na mnunuzi. Basi halmashauri yapata shilingi 90,000. Sehemu ya kumi ya hizo ni shilingi 9,000. Zigawe: wanawake shilingi 3,600, vijana shilingi 3,600, watu wenye ulemavu shilingi 1,800.

Msomaji asicheke. Tani moja nzima, iliyopuliziwa salfa na kuokotwa moja moja na mama aliyeinama, yawaachia vijana wote wa wilaya shilingi 3,600! Ikiuzwa tani elfu, fungu la vijana ni shilingi 3,600,000. Halmashauri yenye korosho nyingi hukusanya fedha za maana, ni kweli, lakini hesabu hii yatuonyesha mambo mawili. Kwanza, fungu hili ni dogo kuliko maneno yanayosemwa juu yake majukwaani. Pili, kwa kuwa laegemea bei ya korosho, bei ikianguka nalo laanguka, na huo ndio mwaka ambao watu huwa na shida kubwa ya kazi kuliko miaka mingine. Mfuko hukauka siku ya kiu.

KIKUNDI NA GHALA TUPU

Watu wengi wakisikia neno mkopo hufikiri juu ya mashine. Tuchukue mfano wa kubuni. Akina mama kumi wa kijiji kimoja karibu na Kitangari wameungana ili wabangue korosho. Wameandikishwa, wamefungua hesabu benki, na wamekopeshwa. Wananunua mashine za kubangulia za mkono, jiko la kukaushia na meza za kuchambulia. Afisa maendeleo ya jamii anapiga picha, diwani anatoa hotuba, watu wanapiga vigelegele. Mwezi wa Machi mashine zimefunikwa kwa kanga, na kina mama wamerudi mashambani. Limetokea nini?

Limetokea hili, kwamba korosho ni zao la msimu mmoja. Huvunwa na kuuzwa kati ya Oktoba na Januari. Anayetaka kubangua mwaka mzima hana budi kununua katika miezi hiyo mitatu minne korosho zote atakazozibangua hata Septemba. Kwa bei ile tuliyoitaja, tani mbili tu ni shilingi 6,000,000. Kwa tani moja ya korosho ghafi hupatikana kokwa nyeupe za kilo mia mbili na kitu, yaani pungufu ya robo, na nyingine katika hizo zitavunjika na bei yake itashuka. Kwa hiyo gharama kubwa ya kikundi hiki si mashine hata kidogo, bali ni fedha ya kujaza ghala, na hiyo ndiyo wasiyopewa. Mkopo ulioletwa mwezi wa Februari, baada ya msimu, ni sawa na mbegu iliyoletwa baada ya masika.

Tena pana shida ya mnada. Tangu mwaka 2007 korosho zetu huuzwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka kwa chama cha msingi, chama hupeleka ghala kuu, nazo hunadiwa kwa pamoja na vyama vikuu kama MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba. Utaratibu huu uliletwa kumkinga mkulima na walanguzi, hasa wale wa kangomba wanunuao kwa kipimo cha udanganyifu wakati mtu ana mgonjwa au ada ya shule. Sisi hatuulaumu. Lakini mnada ni mahali pa wenye tani mamia. Mwenye haja ya magunia ishirini sauti yake haisikiki. Hivyo mama aliyelima korosho, akaivuna na kuikabidhi, huenda asipate njia ya kuinunua kihalali ili aibangue. Halmashauri iliyompa mkopo wa mashine bila kuzungumza na chama cha ushirika juu ya jambo hili imempa jembe bila shamba.

Twasema haya kwa kirefu kwa sababu makosa ya namna hii huitwa uvivu wa wanakikundi. Hutajwa kuwa hawana moyo wa kazi, hawajui biashara. Aliyewahi kubangua korosho kwa mkono ajua kama ni kazi ya mvivu: mafuta ya ganda hula ngozi, na mtu hana budi kujipaka majivu vidoleni kabla hajaanza.

KWA NINI MIKOPO ILISIMAMISHWA

Hata hivyo tusiwatetee watu wote pasipo kipimo. Mwezi wa Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, ambaye jimbo lake la Ruangwa ni jirani na Masasi, alitangaza bungeni kwamba mikopo hiyo imesimamishwa nchi nzima. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, na vikundi visivyoonekana mahali vilipoandikwa kwamba vipo. Vikundi hewa, ndivyo watu walivyoviita. Na kikundi hewa hakijiandiki chenyewe. Pana mkono uliokiandika na mkono uliotia sahihi.

Kwa muda wa zaidi ya mwaka hakuna aliyekopeshwa. Mwenye kulipa vizuri na mwizi walifungiwa mlango mmoja. Mwaka 2024 Serikali iliufungua tena kwa njia mbili. Halmashauri 10 zilichaguliwa kufanya majaribio ya kukopesha kwa kupitia benki, nazo zilitoka pande zote za nchi: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma-Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Halmashauri 174 zilizosalia ziliambiwa zikopeshe zenyewe kwa kanuni zilizokazwa, kamati zikiwa ngazi zote kuanzia kata.

Basi tazameni jambo hili lilivyoangukia kwetu. Mji wa Newala umo katika wale kumi, Masasi haumo. Miji miwili jirani, zao moja, watu walewale wanaooana na kuzikana, lakini mkopo mmoja wapita dirisha la benki na mwingine wapita meza ya halmashauri. Mwalimu wa hesabu angetamani mfano mzuri kama huu wa kulinganisha. Yafaa wakuu wa mkoa wa Mtwara waandike kwa uangalifu yale yatokeayo pande zote mbili na kuyatangaza, ili nchi nzima ijifunze.

Sisi tuna maoni yetu. Benki ina faida ya kutomwogopa diwani. Afisa wa benki hatazamii kura, naye hana shangazi katika kila kijiji. Walakini benki hupenda mwenye maandishi, mwenye dhamana, mwenye duka tayari. Kijana wa bondeni ambaye hana ila mikono yake humtisha. Meza ya halmashauri nayo yamjua kijana huyo kwa jina na kwa ukoo. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake vilevile. Ikiwa benki ya Newala itarejesha fedha zote lakini iwe imewakopesha wale waliokuwa na kazi tayari, hatutasema kwamba majaribio yamefaulu. Mkopo usio na riba haukuwekwa ili uwe salama tu. Uliwekwa ili mtu asiye na kazi apate kazi.

HALMASHAURI KAMA MNUNUZI

Jambo lifuatalo halina shangwe wala sherehe, na labda kwa hiyo husahauliwa. Halmashauri haikopeshi tu, hununua. Hununua madawati, milango, tofali, chakula cha mikutano, sare, usafi wa soko. Sheria ya ununuzi wa umma imeagiza kwamba asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka itengwe kwa vikundi maalumu vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na sheria mpya ya mwaka 2023 imeliendeleza agizo hilo. Linganisha sasa asilimia kumi ya mapato ya ndani na asilimia thelathini ya ununuzi, ambao huingiza hata ruzuku kubwa zitokazo Serikali Kuu. Lipi lina uzito?

Tukumbuke mwisho wa mwaka 2021. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3, fedha za mkopo kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, wa kupambana na madhara ya UVIKO-19. Katika mpango huo yalijengwa madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa shilingi milioni 20. Halmashauri ziliambiwa zitumie mafundi wa kawaida wa mahali, wala zisitafute makandarasi wakubwa. Kwa miezi michache kila kata ikawa na mafundi uashi, maseremala, wachoma tofali, wabeba maji na mama lishe wenye kazi. Pale mtu aliona kwa macho yake fedha ya Serikali ikigeuka mshahara wa jirani. Kisha madarasa yakaisha, na kazi ikaisha.

Haikulazimu kuisha vile. Mafundi wale wangeweza kuandikishwa kuwa kikundi, wakafundishwa kutengeneza madawati ya darasa waliloezeka wenyewe, wakapata mkopo wa asilimia kumi wa kununulia mbao, na halmashauri ikawanunulia mwaka baada ya mwaka kutoka katika ile asilimia thelathini. Milango yote mitatu iko katika jengo moja. Mara nyingi afisa wa mikopo na afisa wa ununuzi wakaa vyumba vilivyotenganishwa na ukuta mmoja wa tofali, kila mmoja na faili lake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuona kikundi kikibembelezwa kulipa deni lake kwa kuwa hakiuzi madawati, na wiki ileile lori likishusha madawati ya halmashauri iliyokidai, yaliyonunuliwa mbali. Hatutataja mahali.

Ugumu mmoja wa kweli ni kwamba tangu mwaka 2023 zabuni zote hupitia mfumo wa NeST katika mtandao. Kikundi kisichojua kujiandikisha humo hakipo machoni pa mnunuzi. Kwa hiyo binti aliyemaliza kidato cha nne, akaaye nyumbani na simu yake, aweza kuwafaa maseremala kumi kwa kazi ya jioni moja. Wazazi wasimkataze.

YALIYOTANGULIA KATIKA NCHI HII

Wazee wa kusini wana haki ya kuwa na mashaka. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa karanga, na Nachingwea, karibu kabisa na Masasi, ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Zikaja trekta, ikajengwa reli kutoka Mtwara, vijana wakaandikwa kazi kwa maelfu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli iling'olewa.

Kisha zikaja korosho. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilipata karibu tani 145,000. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa vya kubangua kwa mitambo ya Italia na Japani, na Newala ikapata viwili, Masasi kimoja. Lakini kabla viwanda havijatulia, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ubwiriunga ulikuwa umeshika maua. Msimu wa 1986/87 zilipatikana karibu tani 16,500 tu. Viwanda vikasimama bila chakula. Baadaye viliuzwa kwa watu binafsi, na vingine vikageuzwa maghala ya kuwekea korosho ghafi zisubirizo meli. Hakuna kejeli kubwa kuliko hiyo: nyumba iliyojengwa ili korosho isisafiri na ganda, ikawa kituo chake cha kusafiria.

Ng'ambo ya Ruvuma ndugu zetu wa Msumbiji walionja uchungu wa namna nyingine. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliwataka wapunguze ushuru wa kusafirisha korosho ghafi. Viwanda vyao vikakosa korosho, na hata mwisho wa miaka ile maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, walikuwa wamekwisha kupoteza kazi. Mwaka 1999 Bunge lao likaupandisha ushuru tena. Miaka michache baadaye vikaanza kuota katika jimbo la Nampula viwanda vidogo, vyenye mashine rahisi za mkono na mguu, vilivyowekwa karibu na wakulima. Kiwanda kidogo chenye korosho kilifaa kuliko kikubwa kisichokuwa nayo.

Na sisi tulikuwa na ushuru wetu. Kwa sheria ya korosho ya mwaka 2009, asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ilirudi katika zao lenyewe: pembejeo, utafiti wa Naliendele, na kuhimiza ubanguaji. Mwezi wa Juni 2018 Bunge, baada ya mabishano makali ya wabunge wa kusini, lilikubali kwamba fedha zote ziende Mfuko Mkuu wa Serikali. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wanunuzi walipotaka bei ya chini, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Watu watabishana miaka mingi juu ya mwaka ule. Kwa somo letu yatosha kutambua kwamba fungu lililotajwa kwa sheria leo laweza kuondolewa kwa sheria kesho, na wilaya isiyokuwa na kazi nyingine ila kungoja fungu hilo hukaa kama mtu aliyejenga kwenye kivuli cha wingu.

Upo pia mfano wa nyumbani usiotegemea fungu. Ndanda, chini ya uwanda, karakana na mafunzo ya ufundi yamekuwapo kwa vizazi kadhaa tangu wamonaki Wabenediktini walipofika mwaka 1906, na mafundi waliojifunza huko wametawanyika kusini yote. Huko ufundi ulitangulia, na mtaji ukafuata. Halmashauri hukopesha mtaji kwanza, kisha huandaa semina ya siku mbili.

MASWALI YA KUULIZA

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yapasa kusomwa mbele ya watu. Baba wa nyumba na mama wa nyumba waendao mkutanoni waulize mambo machache yaliyo wazi. Halmashauri yetu ilikusanya kiasi gani cha ushuru wa korosho msimu uliopita, na sehemu ya kumi yake ilitoka yote au ilitoka nusu? Vikundi gani vya kata yetu vilikopeshwa, na orodha yake imebandikwa wapi? Mikopo ya ubanguaji ilitoka mwezi gani? Katika ununuzi wa mwaka jana, kikundi gani cha hapa kiliuza kitu kwa halmashauri? Asiyepata jibu siku ile aombe liandikwe katika muhtasari, na mkutano ufuatao aulize tena kwa upole uleule.

Na kwa kijana mwenyewe atakaye kukopa, tuna neno moja la hadhari. Kikundi kilichokusanyika kwa ajili ya mkopo hutawanyika mkopo ufikapo. Heri watu watano waliokwisha kufanya kazi pamoja msimu mmoja, hata kwa vibarua vya kupalilia na kupulizia, wakaweka akiba kidogo na kujuana nani mwaminifu na nani msemaji tu, kuliko watu kumi walioitana jana kwa kuwa fomu zimeletwa kata. Kila mwenye kutia sahihi afahamu pia kwamba fedha hizo zilikuwa ushuru wa korosho za mama yake.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio yake hutungwa mapema, na mapendekezo ya vijiji hukusanywa wakati mnada wa korosho ungali ukiendelea. Kwa hiyo mwenye wazo la kikundi cha ubanguaji, la karakana ya madawati au la juisi ya mabibo, ambayo leo huoza chini ya mikorosho au huishia kuwa uraka, alipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya Desemba kwisha. Likifika mwezi wa Mei litakuta daftari limekwisha kufungwa.